Kukaza bolti za konrodi unapofunga injini upya

Injini ya Toyota IST ikitoboa bloku barabarani, lawama huenda kwa oili, kisha kwa dereva. Ni wachache wanaookota bolti ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) iliyokatikia ndani ya sampo (bakuli la oili chini ya injini) na kuitazama. Bolti hiyo, unene wake kama wa kalamu, ndiyo iliyokuwa inashika kepu, yaani kipande cha chini cha konrodi, kwenye kranki (shafti inayozungushwa na pistoni), na namna ilivyokazwa siku injini inafungwa ina uzito mkubwa katika kuamua kama itadumu miaka au wiki mbili.

Mwongozo huu ni wa fundi ambaye tayari anajua kushusha injini, kuvalisha ringi na kurudisha pistoni. Hatugusi silinda hedi wala cheni ya taimingi. Ni bolti mbili za kila konrodi tu, yaani nane kwa injini ya silinda nne.

Kinachozivuta bolti

Wengi hudhani mlipuko ndio unaozitesa. Sivyo. Mlipuko unaisukuma pistoni chini, konrodi inaikandamiza kranki kwa upande wa juu, na kepu iliyo chini wakati huo haina kazi kubwa. Taabu inakuja pistoni inapofika juu kabisa mwisho wa kutoa moshi. Vali ya ekzozi iko wazi, hakuna hewa iliyobanwa ya kuizuia, na pistoni iliyokuwa inapanda kwa kasi lazima isimamishwe na irudishwe chini. Anayeivuta ni kepu, na kepu inategemea bolti mbili.

Chukua injini ya Toyota 1NZ-FE, ambayo pistoni yake inasafiri 84.7 mm kutoka chini hadi juu. Tuseme pistoni, pini, ringi na sehemu ya juu ya konrodi vina nusu kilo kwa pamoja. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, nguvu inayotaka kuing'oa kepu inakaribia nyutoni 11,000, yaani zaidi kidogo ya uzito wa tani moja, na inarudi mara 50 kila sekunde. Kwa mizunguko 3,000 nguvu hiyo ni robo tu. Kwa 7,000 inaongezeka zaidi ya theluthi moja juu ya ile ya 6,000.

Kwa hiyo gari linalopanda Mlima Sekenke kwa gia ya pili huku likiunguruma haliziumizi bolti kama lile linaloshuka mlima huohuo, dereva akatoa gia ya nne akapachika ya pili kwa bahati mbaya. Hapo matairi ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta ya gari haina la kufanya hata ikikata petroli.

Bolti iliyokazwa vizuri imerefuka kidogo, kama mpira wa manati uliovutwa na kushikiliwa. Ikiwa mvuto wake ni mkubwa kuliko ile tani moja, kepu haifunguki, na bolti yenyewe haisikii sana kupanda na kushuka kwa pistoni. Ikiwa mvuto ni mdogo, kepu inaachia kiasi cha unywele na kujifunga tena kila mzunguko. Bolti inachoka, inapata ufa, na siku moja inakatika gari likiwa kwenye mwendo wa kawaida kabisa.

Kwa hiyo unachokitafuta ni urefu ulioongezeka kwenye bolti. Namba ya toki, yaani nguvu ya kuizungusha bolti, ni njia ya kuukadiria tu, tena njia yenye upotevu mwingi. Katika nguvu unayoiweka kwenye spana, karibu nusu inaliwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti, na kama asilimia 40 inaliwa kwenye meno. Inayobaki kuivuta bolti ni sehemu moja ya kumi. Msuguano ukipungua kutoka asilimia 90 hadi 85 kwa sababu umepaka grisi mahali palipotakiwa oili, mvuto unatoka 10 kwenda 15: umeongeza nusu nzima, na toki renchi, ile spana inayolia ikifika toki uliyoiweka, imelia palepale. Bolti yenye kutu au vumbi kwenye meno inakupeleka upande wa pili; spana inalia, bolti haijavutika.

Hii ndiyo sababu viwanda vingi vilihamia kwenye toki ndogo ikifuatiwa na nyuzi, yaani kuizungusha bolti kwa pembe iliyopimwa. Toki ya kwanza inakalisha sehemu zote pamoja. Nyuzi zinazofuata hazijali sana msuguano: bolti yenye meno ya milimita moja ukiizungusha nyuzi 90 inaingia robo ya milimita, iwe imepakwa oili nyingi au kidogo.

Namba za injini yako

Hakuna namba moja ya injini zote za Toyota. Kwa 1NZ-FE, iliyo kwenye IST nyingi, Raum na Probox, ni Nm 15 (nyutoni-mita, kizio cha toki) kisha nyuzi 90. Kwa 1ZZ-FE, iliyo kwenye Premio na Allion za 1.8 za toleo la kwanza, ni Nm 20 kisha nyuzi 90. Mtu aliyezoea moja akiifunga nyingine kwa mazoea ameshakosea. Soma maandishi ya injini kwenye bloku, si jina la gari kwenye kadi. Injini zilizobadilishwa ni nyingi mno.

Angalia na vizio. Vitabu vya Kijapani huandika kgf·cm, vya Kimarekani huandika pauni-futi. Nm 15 ni sawa na kgf·cm 153, au pauni-futi 11. Pauni-futi moja ni Nm 1.36, kwa hiyo anayesoma pauni-futi 15 akadhani ni Nm anakaza pungufu kwa zaidi ya robo, na anayekosea kinyume chake anazidisha kwa zaidi ya theluthi.

Kama umenunua bolti imara zaidi za kampuni nyingine, sahau namba za Toyota. Fuata karatasi iliyokuja na bolti, pamoja na kilainishi kilichotajwa humo. Na kabla ya kuzitumia, konrodi ziende kwa wachonga vyuma wapime tundu la beringi kepu ikiwa imekazwa kwa bolti hizo mpya, kwani mvuto ukibadilika, uduara wa tundu nao hubadilika.

Toki renchi

Ile kubwa ya nusu inchi inayoanzia Nm 40 haifai hapa. Hata inayoanzia 10 hadi 110 si ya kuaminika sana kwenye 15, kwa sababu nyingi huwa sahihi kuanzia asilimia 20 ya upeo wake kwenda juu. Tafuta ndogo, ya robo inchi au 3/8, ambayo 15 na 20 ziko katikati ya kipimo chake. Ukimaliza kazi irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa ili springi ipumzike. Na usiitumie kufungulia bolti, hata mara moja.

Kipindi cha kuipeleka ikapimwe, kwa kawaida ya kimataifa, ni miezi 12 au mikazo 5,000, kinachotangulia. Kati ya vipindi hivyo unaweza kuijaribu mwenyewe. Bana kichwa chake kwenye jiliwa, mpini ukae mlalo. Pima kwa rula sm 25 kutoka katikati ya kichwa, na ikiwa hapo ndipo katikati ya mshiko, funga kamba. Weka mchanga kwenye ndoo ndogo hadi mizani ya dukani isome kilo 6 pamoja na ndoo, uitundike. Kilo 6 kwa sm 25 ni Nm 14.7, na uzito wa spana yenyewe unaongeza kama nusu hivi. Ukiiweka kwenye 14 na kuiachia ndoo taratibu, lazima ilie. Ukiiweka kwenye 17 isilie. Ikilia kote, au ikanyamaza kote, usiikaribishe kwenye konrodi.

Kwa nyuzi, kifaa cha kupimia pembe ni kizuri lakini si lazima. Alama ya tipeksi au rangi ya kucha inatosha kwa nyuzi 90.

Vumbi

Kiangazi cha Dodoma kina upepo na vumbi jembamba ambalo hulioni mpaka ulipitishe kidole. Nafasi ya oili kati ya beringi na kranki ya mm 40 ni karibu 0.04 mm. Chembe moja ya vumbi ikinaswa nyuma ya beringi inaisukuma mbele na kuimaliza nafasi hiyo yote mahali pamoja. Gereji nyingi za Kizota na Chang'ombe zina paa lakini hazina ukuta, basi fanya kazi hii asubuhi kabla upepo haujaamka, mwagia sakafu maji, na funika bloku kwa shuka safi kila unapoondoka, hata kama unakwenda kunywa chai tu. Tumia vitambaa visivyotoa nyuzinyuzi. Pamba ya kufutia mikono ikae mbali.

Kagua bolti

Osha bolti na matundu kwa petroli, pitisha brashi laini, puliza kwa kompresa. Tundu lisilotokea upande wa pili likibaki na petroli au oili ndani, bolti itaibana hiyo oili badala ya kuibana kepu.

Pitisha kila bolti kwa vidole kwenye tundu lake. Iingie mpaka mwisho bila spana. Inayokwama katikati imelika meno au imerefuka, na zote mbili ni za kutupa.

Kisha pima. Bolti za kukazwa kwa nyuzi hurefuka na kukonda, hasa sehemu nyembamba kati ya kichwa na meno. Kwa 1ZZ-FE bolti iliyo nzuri ina kipenyo cha mm 6.6 hadi 6.7 hapo, na ikifika 6.4 mwisho wake umefika. Tumia vernia nzuri au maikromita, upime sehemu tatu za shingo na uchukue namba ndogo kuliko zote. Ukiiona shingo kwa macho imebanwa kama kiuno cha nyigu, hata usipime.

Kuna watengenezaji wanaosema bolti zitumike mara moja tu. Hao wasikilizwe. Kwa bolti zinazoruhusiwa kurudiwa, ushauri wetu ni huu: kama injini ilinoki (iligongagonga kwa ndani), bolti za ile konrodi iliyonoki zitupwe bila mjadala, maana zimepigwa na hujui zimefika wapi. Bolti nane mpya ni bei ndogo ukilinganisha na bloku. Na usikubali kupewa "zinazofanana" kutoka kwenye injini iliyokatwa. Urefu ukilingana haimaanishi ugumu wa chuma unalingana.

Kepu na beringi

Kila kepu ina konrodi yake na upande wake. Kabla ya kufungua injini weka alama, 1-1, 2-2 na kuendelea, kwa kalamu ya rangi. Usigonge alama kwa patasi juu ya kepu. Konrodi za siku hizi nyingi hutengenezwa kwa kuivunja kepu kutoka kwenye mwili, hivyo mshono wake una mikwaruzo inayoingiana pahali pake pamoja tu. Ukichanganya kepu, au ukapiga msasa mshono "uwe safi", konrodi hiyo imekwisha.

Mgongo wa beringi na mahali inapokaa pawe pakavu kabisa, bila oili. Oili inawekwa upande wa ndani, unaogusa kranki. Ulimi wa beringi, kama upo, uingie kwenye mfereji wake, na tundu la oili lilingane.

Pima nafasi ya oili kwa Plastigage, uzi laini wa plastiki unaobanjwa na kepu. Kranki isiwe na oili, kata kipande cha upana wa beringi, kilaze juu ya kranki, funga kepu, kaza mpaka mwisho pamoja na zile nyuzi 90, kisha fungua na ulinganishe upana wake na karatasi ya vipimo iliyokuja nao. Kranki isizunguke hata kidogo muda huo. Hapa tumia bolti za zamani zilizo ndani ya kipimo, ubakize mpya kwa kufunga kwa mwisho. Ukitumia mpya kwenye kupima umezivuta mara moja tayari.

Nafasi ikizidi ile ya kitabu, kukaza zaidi hakuipunguzi. Wako wanaojaribu. Dawa ni kusaga kranki na kuweka beringi nene zaidi, za saizi ya mm 0.25 au 0.50.

Kukaza

1. Pistoni ikiwa imeshaingia na kranki ya silinda hiyo iko chini, vuta konrodi taratibu mpaka ikae. Kama konrodi ni ya aina yenye bolti zilizotokeza na nati, zivalishe vipande vya mpira wa mafuta kwanza ili zisiikwaruze kranki. Mkwaruzo mmoja unatosha kula beringi mpya.

2. Paka oili ya injini kwenye meno na chini ya kichwa cha kila bolti. Matone mawili, si kuchovya. Usiweke grisi, usiweke gundi ya kufungia bolti, usiache kavu, labda kama maelekezo ya bolti hiyo yanasema hivyo.

3. Panga kepu kwa alama ya mbele. Ingiza bolti zote mbili kwa vidole hadi vichwa viguse.

4. Kaza kwa zamu: kwa Nm 15, nenda 8 upande huu, 8 upande ule, kisha 15 huku, 15 kule. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho kabla ya mwingine, kepu inakaa mshazari. Vuta spana polepole kwa mwendo mmoja na usimame inapolia. Anayeisikia ikilia akaongeza kidogo "kwa uhakika" amekwishaondoka kwenye 15. Ukisimama njiani, bolti inagandia. Legeza, anza upya.

5. Weka alama ya tipeksi kwenye kichwa cha kila bolti, upande unaotazama mbele ya injini. Chukua mpini wa kawaida, si toki renchi, uzungushe nyuzi 90 kwa mvuto mmoja. Alama iliyokuwa inatazama mbele sasa itazame ubavuni. Kisha bolti ya pili. Mpini uwe mrefu wa kutosha usilazimike kuruka.

Mkono wako una kazi yake hapa. Bolti iliyo nzuri inazidi kuwa ngumu kadiri unavyozungusha. Ukihisi imelainika ghafla, au inazunguka bila ugumu kuongezeka, inakonda ndani. Simama, itoe, itupe, weka nyingine.

6. Zungusha kranki kwa mkono mzunguko mzima baada ya kila kepu, kabla ya kwenda silinda inayofuata. Ikiwa ngumu ghafla baada ya kepu ya tatu, tatizo liko kwenye ya tatu. Aliyefunga zote nne ndipo akajaribu atalazimika kufungua zote nne. Sukuma pia konrodi kando kwa kando. Lazima icheze kidogo, sehemu chache za kumi za milimita.

7. Piga picha alama zote nane kwa simu kabla ya kufunga sampo. Iliyosahaulika itaonekana kwenye picha, kwa sababu alama yake itakuwa bado inatazama mbele.

Mashine ya upepo haina nafasi katika hatua yoyote, hata ya kuingiza bolti tu.

Baada ya kufunga

Jaza oili, toa plagi, kata umeme wa koili na wa injekta, zungusha kwa stata mpaka taa ya oili izime. Ndipo uwashe.

Baadhi ya mafundi humwambia mteja arudi baada ya kilomita 500 ili bolti "zirudiwe". Kwa bolti za nyuzi hilo ni kosa: kila mkazo wa ziada unazivuta upya kutoka pale zilipo, na zinaweza kupita kipimo chake. Zikikazwa sawa siku ya kwanza haziguswi mpaka injini ifunguliwe tena.

Na injini ikikurudia imepasuka, okota vipande vya bolti. Iliyokatika kwa kuvutwa kupita kiasi ina shingo iliyokonda na mwisho uliochongoka upande mmoja, kikombe upande wa pili. Iliyokatika kwa kulegea haikondi: uso wake uko bapa, sehemu kubwa ni laini yenye mistari iliyopinda kama mawimbi ya maji bwawani, na pembeni kabisa kuna sehemu ndogo ya chembechembe palipomalizikia kukatika. Mistari ile ni ufa uliokuwa unatembea siku nyingi. Ukikuta bolti moja ina mawimbi na mwenzake imekonda, ya mawimbi ndiyo iliyotangulia. Ya pili ilibebeshwa mzigo wa zote mbili.